Lozi

Kwa akina baba, Krismasi huanza kwa kunyamaza.
Saa sita mchana redio hutangaza amani,
babu Taisto huvua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe,
na tangu hapo hata kijiko hujua adabu.
Kisha sauna: maji yanalia juu ya mawe,
hakuna anayesema ni moto.
Kila mtu anajua ni moto.

Kwa akina mama, asiyepiga kelele hajafika.
Kule Iloilo, Desemba huanza Septemba.
Alfajiri tisa za misa, mfululizo,
binamu zangu wamelala wima kama miwa,
na nje ya kanisa keki za mchele juu ya jani la mgomba
zinaungua chini, na utamu wake uko hapo hapo.

Mama alifika Kajaani na nyota ya mianzi na karatasi
kati ya sweta mbili alizoambiwa zinatosha.
Akaitundika dirishani: nyekundu, kijani, inakonyeza.
Jirani akauliza, kwa upole,
kama tumefungua duka.

Mwaka ule wa kwanza walimpa uji apike.
Mchele, maziwa, chungu kizito,
na lozi moja, moja tu, bibi Aune akamtia kiganjani:
atakayeiuma, bahati ya mwaka ni yake.
Mama akaitazama lozi.
Akavaa sweta zote mbili, akaenda dukani kabla halijafungwa.

Jioni ile kila mtu aliuma lozi.
Kila mtu akainua mkono, kisha akaushusha.
Bibi Aune hakusema neno hadi tarehe ishirini na saba:
"Sasa bahati ni ya nani?"
Mama, kwa Kifini cha miezi minne:
"Yetu."

Kimya kingi kina mshindo, wanasema.
Cha bibi hakikuwa na mshindo. Kilikuwa na mlango,
na ulichukua miaka kumi na mitatu kufunguka,
inchi kwa inchi, bila bawaba kulia.

Mwaka huu bibi yuko makaburini.
Mkesha tukaenda na mishumaa, kama wote waendavyo,
theluji inawaka manjano kutoka ndani,
watu wanapita bila kukanyaga sauti.
Saa kumi na mbili jioni.
Na sote tulisahau
kwamba saa kumi na mbili yetu ni saa sita ya usiku wao.

Simu ikalia mfukoni mwa mama.
Fataki, majogoo, mjomba Dodong na maikrofoni yake.
Mama anaing'ata glavu, haivuki,
nyuso zinageuka, nadhani hata zilizo chini.
Babu akanyoosha mkono. "Lete."

Hakuizima.
Akaielekeza kwenye jiwe, kwenye jina, kwenye mshumaa.
Kule kelele zikapungua moja moja,
kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba.
Kisha Lola Pacing akasogea hadi jino lake la dhahabu likajaza kioo:
"Ameshakula?"

Mama aliona haya kutafsiri. Akatafsiri.
Babu akafikiri, yeye ambaye ukimuuliza hali ya hewa
hukujibu kesho.
"Bado," akasema.

Usiku alitufukuza jikoni, akapika mwenyewe.
Bakuli saba. Sisi ni sita.
La saba akaliweka karibu na jiko, penye kiti chenye mto.
Nikauma: lozi.
Shavu la baba limevimba upande mmoja.
Mama ameuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.
Hakuna aliyeinua mkono.
Babu anakula, macho kwenye uji,
kidevu chake chekundu, kijani, chekundu.

Asubuhi niliamka kabla ya wote.
Bakuli la saba lilikuwa na utando juu, mzima,
kama ziwa siku ya kwanza ya barafu.
Nikatafuta kwa kijiko hadi chini.
Hamna.

Huenda babu alikosea hesabu.
Alikuwa mhasibu wa reli miaka thelathini na minne.